Watu 38 na Pikipiki Zao Kuukuu

Jumapili ya tarehe 28 Aprili 1946, watu 38 walikutana Hog's Back, kilima kirefu kilicho karibu na mji wa Guildford, kusini mwa Uingereza. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Petroli ilikuwa ya mgawo, na ingeendelea kuwa ya mgawo hadi 1950, kwa hiyo mwenye busara aliitunza kwa safari ya lazima. Hawa waliitumia kwa ajili ya pikipiki ambazo muuza vyuma chakavu angezinunua kwa bei ya kutupa. Aliyewaita alikuwa C. E. Allen, ambaye wote walimjua kwa jina la Titch. Siku hiyo wakaunda Vintage Motor Cycle Club, na sharti walilojiwekea lilikuwa fupi: pikipiki iwe imetengenezwa kabla ya 1931.

Piga hesabu uone jambo lenyewe lilivyo. Pikipiki ya mwisho wa 1930 ilikuwa na umri wa miaka 15 na ushei tu. Kwetu Afrika Mashariki gari la umri huo bado linabeba abiria asubuhi na jioni, na mwenye nalo ataapa kuwa ni zima. Hakuna anayeliita la kale. Kitu cha umri huo kimepoteza upya na hakijapata heshima ya uzee. Ndicho kipindi ambacho vitu vingi hufa, kwa sababu hakuna anayevionea huruma. Waasisi wale walizipenda pikipiki zao katika kipindi hicho hasa, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kupenda pikipiki ya Brough Superior leo ni rahisi, maana bei yake kwenye mnada inamlazimisha hata asiyejua kitu aisifu.

Na soko lilikuwa dhidi yao. Wakati wa vita kiwanda cha BSA peke yake kilitengeneza pikipiki za aina ya M20 zipatazo 126,000 kwa ajili ya jeshi, na Norton walitoa maelfu kwa maelfu ya 16H. Vita vilipokwisha jeshi likaanza kuziuza. Kijana aliyetaka usafiri angeweza kupata mashine imara, yenye vipuri tele, kwa fedha kidogo. Kwa nini ahangaike na Triumph ya 1914 inayoendeshwa kwa mkanda, ambayo mvua ikinyesha mkanda unateleza na kilima kinamshinda?

Jibu limo katika kuiendesha, na inafaa tuifuate hatua kwa hatua.

Pikipiki nyingi za kabla ya 1915 hazina klachi wala gia. Injini imefungwa moja kwa moja na gurudumu la nyuma kwa mkanda. Injini ikizunguka, gurudumu linazunguka, na kinyume chake. Mwendeshaji anafungua koki ya petroli, kisha anabonyeza kipini kidogo juu ya kabureta mpaka petroli imchirizikie vidoleni. Eksileta ya kuzungusha haipo. Kuna vishikio vidogo vya kusogeza kwa kidole, kimoja cha mchanganyiko wa petroli, kimoja cha hewa, na kingine, mara nyingi ubavuni mwa tangi, cha kuwahisha au kuchelewesha cheche ya plagi. Anachelewesha cheche, la sivyo injini itarudisha teke. Anapunguza hewa. Anaminya kishikio kinachoinua valvu ili pistoni isibane hewa, halafu anaisukuma pikipiki huku akikimbia. Hatua tano, sita, saba. Anaachia valvu, injini inakohoa, inashika, na hapo hana budi kurukia kiti kabla haijamkimbia.

Akiisha kukaa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mwendo ukikua anawahisha cheche. Kilima kikija anaichelewesha tena, akisikiliza kama injini inagonga. Hewa nayo inaongezwa na kupunguzwa kufuatana na joto la siku. Akisimama, injini imezimika, na mbio zile za kuiwasha zinarudiwa. Ndiyo maana waendeshaji wa mashine hizi hutazama mbali kuliko dereva yeyote ninayemjua. Wanaiona njia panda ikiwa bado nukta, na wanaanza kupunguza mwendo mapema ili wafike pale barabara ikiwa tupu.

Kisha kuna suala la oili. Pikipiki ya leo huzungusha oili ile ile mpaka siku ya kuimwaga. Katika hizi za zamani oili huingia, hufanya kazi, kisha huungua au hudondoka barabarani, hairudi. Anayeipeleka ni mwendeshaji mwenyewe, kwa pampu ya mkono iliyo kwenye tangi, kila baada ya maili chache. Chache ngapi? Hapo hakuna jibu moja, maana inategemea mlima, joto, mwendo na uchakavu wa ringi za pistoni. Anageuza shingo kutazama moshi wake. Ukiwa wa buluu hafifu, mambo ni sawa. Ukiwa mzito, plagi italowa oili na cheche itakufa. Usipoonekana kabisa, apampu upesi, kwa sababu injini iko karibu kunoki. Maarifa haya unaweza kuyaandika ukurasa mmoja, lakini anayeyajua ni yule ambaye mkono wake unaifuata pampu bila yeye kuuambia.

Waasisi waliona, nadhani kabla ya wengi, kwamba ukiiweka pikipiki ya namna hii kwenye chumba cha makumbusho umehifadhi chuma chake na kupoteza nusu nyingine. Kwa hiyo chama chao kikawa cha kuendesha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 wamekuwa na matembezi ya Banbury, ambako mamia ya pikipiki za kabla ya 1931 huingia barabarani siku moja, na wenye moyo hupanda Sunrising Hill, mlima ambao umezivunja nguvu mashine nyingi mbele ya watazamaji. Hawakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Chama kingine, Sunbeam Motor Cycle Club, kilianza mwaka 1930 matembezi ya kuelekea Brighton kwa pikipiki za kabla ya 1915, na bado yanaendelea. Lakini kikundi cha Hog's Back ndicho kilichokua na kuwa nyumba ya watu wengi.

Kuendesha huvunja, na kinachovunjika hakiuzwi dukani. Hapa ndipo ufundi wa karakana unapoingia, na mtu anaweza kuutazama kwa saa nyingi bila kuchoka. Chukua bolti tu. Pikipiki hizi za Uingereza zimefungwa kwa bolti nyembamba za mtindo wa baiskeli, zenye nyuzi 26 kwa inchi, na bolti za milimita tulizozizoea hazikai humo. Fundi anakereza zake mwenyewe kwenye mashine ya kukereza, na akiwa fundi wa kweli hata kichwa cha bolti anakiviringisha kidogo juu, kama kiwanda kilivyofanya, ingawa hakuna atakayekiona mpaka apige magoti.

Au chukua magneto, kile kifaa kinachozalisha cheche bila betri. Ina ugonjwa mmoja maarufu. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inakwenda maili kadhaa, inazima. Mwendeshaji anafungua kabureta, anasafisha plagi, anakuna kichwa; nusu saa baadaye inawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Kumbe ndani ya magneto waya wa shaba, mwembamba kama unywele, umepoteza kinga yake iliyozeeka. Ukipata joto umeme unavuja, ukipoa unarudi. Dawa yake ni kuifungua na kuizungushia waya mpya, mizunguko maelfu, bila kuukata wala kuupandanisha vibaya. Wanaoiweza kazi hiyo ni wachache, na foleni zao ni ndefu.

Rangi nayo ina sheria zake. Kromu ilianza kuonekana kwenye pikipiki mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo vyuma vya kung'aa vilitiwa nikeli, ambayo mng'ao wake ni mtulivu na una umanjano wa mbali. Pikipiki ya 1922 inayometameta kwa kromu imetiwa uongo, hata kama imempendeza mwenyewe. Zile pikipiki za Sunbeam za mji wa Wolverhampton zilisifika kwa weusi wao. John Marston, mwenye kiwanda, alitoka katika kazi ya kupaka vyombo vanishi nyeusi na kuvikausha kwa moto, na ujuzi ule akauhamishia kwenye baiskeli, kisha kwenye pikipiki. Juu ya weusi huo mtu alichora mistari ya dhahabu kwa brashi yenye nywele ndefu, kwa mkono, kwa pumzi moja. Leo wako mafundi wanaoichora hivyo hivyo. Wenye haraka hubandika stika.

Nina ugomvi kidogo na baadhi ya warithi wa waasisi hawa. Kuna tabia ya kuifanya pikipiki iwe nzuri kuliko ilivyotoka kiwandani, ikang'aa hadi kwenye mashimo ya bolti, kisha mwenyewe akaogopa kuitoa kwa sababu ya vumbi. Nawaelewa zaidi wale wanaoipata mashine na rangi yake ya kwanza, imechubuka kwenye tangi pale goti la mwendeshaji wa zamani lilipokuwa likigusa, wakaisugua kwa kitambaa chenye oili na kuiacha. Rangi ya kiwandani ikishapigwa msasa haitarudi.

Titch Allen mwenyewe alijua pande zote mbili. Miongoni mwa mashine zilizopita mikononi mwake ni ile iitwayo Old Bill, pikipiki ya mashindano ya George Brough wa Nottingham, mtengenezaji wa Brough Superior, ambayo mwaka 1922 ilizunguka kiwanja cha mbio cha Brooklands kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa. Allen aliipata ikiwa imepitwa na wakati, akaifufua na kuiendesha. Alifariki 2010. Miaka miwili baadaye Old Bill iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 290,000.

Kuna urithi mwingine usio na mng'ao. Viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilianguka kimoja baada ya kingine. BSA iliporomoka mapema miaka ya 1970, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa 1983. Daftari za viwanda, zile zinazoonyesha pikipiki ya namba fulani ilitoka lini na ilipelekwa kwa nani, zingeweza kuishia motoni. Chama cha Allen na wenzake, chenye makao yake Burton upon Trent katika jengo linaloitwa Allen House, kinahifadhi nyingi kati ya hizo, zikiwamo za BSA na Triumph. Mtu akileta namba ya fremu na ya injini, anaweza kuambiwa mashine yake ni ya mwaka gani na kama injini ile ndiyo iliyozaliwa na fremu ile.

Hili linatuhusu. Pikipiki za Uingereza zilisambaa katika makoloni yake, na nyingine zilipita hapa zikiwa safarini. Mwaka 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa Panther yenye injini ya sentimita za ujazo 600, ikiwa na kigari cha ubavuni na tela nyuma. Walivuka Sahara, wakapita Afrika Mashariki na kufika Cape Town Julai 1935. Nairobi nayo ina Concours d'Elegance tangu 1970, ambako magari na pikipiki kuukuu husimama mbele ya waamuzi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong.

Isitoshe, lile sharti la chama la kabla ya 1931 lilikwisha kulegezwa zamani. Siku hizi pikipiki yenye miaka 25 inakubalika. Hesabu tena. Honda na Yamaha walizopanda mabwana shamba, wauguzi na makatekista katika miaka ya 1980 na 1990 zimeshavuka umri huo, na nyingi ziko stoo, zimeegemezwa ukutani chini ya magunia, zikiwa katika kipindi kile kile cha kudharauliwa ambacho Allen na wenzake walikikuta.

Kama nyumbani kwenu iko moja, iwe BSA ya babu au Yamaha ya baba, usiipake rangi wala usiipige msasa. Futa shingo ya fremu na ubavu wa injini, uandike namba zote mbili, upige picha. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, uiache siku kadhaa kabla ya kupiga kiki. Waulize wazee nani aliinunua, wapi, na aliiendesha njia zipi, uandike majibu yao. Ukishafanya hayo ndipo uzungumze na yule anayenunua vyuma kwa kilo, kama bado utataka kuzungumza naye.