Ufundi wa Kutua
Neno rubani, kabla halijapanda angani, lilikuwa la baharini: lilikuwa jina la yule ajuaye kina na miamba ya bandari, aliyeingiza chombo kwa kuzitazama alama za bara, mnazi huu na mnara ule, hata nanga ikatiwa. Utazamaji huo ndio mafundi wa California waliokifundisha kijindege Ingenuity, chenye uzito wa kilo 1.8, kilichoruka katika sayari ya Mirihi kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, mahali ambapo hakuna binadamu awezaye kukiongoza, maana ishara ya redio huchukua dakika kadha wa kadha kufika, na kijindege kimekwisha kutua au kimekwisha kuanguka.

Tumboni kilitiwa jicho la kamera ya rangi nyeusi na nyeupe, lililopiga picha 30 kwa sekunde. Programu ikachagua katika kila picha vijiwe na vivuli, ikavitafuta tena katika picha iliyofuata, na kwa jinsi vilivyosogea ikakadiria chombo chaelekea wapi na kwa mwendo gani.

Walakini ninalolistaajabia zaidi ni kuwa mafundi wale hawakuliamini jicho lao kupita kiasi. Katika safari ya 6, Mei 2021, picha moja ilipotea, na zote zilizoifuata zikabeba saa isiyo yake, hata kijindege kikawa chapepesuka hewani, kikijirekebisha kwa habari zilizokwisha kupitwa na wakati. Lakini kilitua salama, kama mita 5 tu kutoka mahali kilipokusudiwa, kwa kuwa, pamoja na sababu nyingine, waliokiunda walikwisha kuamuru tangu awali kwamba katika hatua ya mwisho ya kushuka kamera isisikilizwe tena. Kumfumba rubani macho mlangoni mwa bandari! Hapo ndipo ninapoiona adabu ya kazi yao.

Kilipangiwa safari 5, kikaruka 72. Katika ile ya mwisho, tarehe 18 Januari 2024, chini yake palikuwa na matuta ya mchanga mtupu, ambamo jicho, kama walivyobaini wachunguzi baadaye, halikupata alama za kutosha za kufuata. Kikagusa mteremko kwa kasi, mapanga yake yakavunjika. Wapo watakaosema kilishindwa. Mimi sisemi hivyo, kwani hata rubani wetu hakulaumiwa kwa mnara usiokuwapo. Kilikutwa kimesimama mchangani kwa miguu yake minne, na panga lake moja limelala kama mita 15 kutoka hapo.