Mhusika Mdogo au Mhusika Mjenzi? Hermione Baddeley na Kipimo cha Uigizaji Msaidizi katika Filamu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi ya filamu ya Hermione Baddeley, mwigizaji msaidizi wa Uingereza, ili kupima uzito wa istilahi mbili za uhakiki wa Kiswahili: mhusika mdogo na mhusika mjenzi. Kwa kuchambua nafasi zake katika Room at the Top, Brighton Rock, Scrooge na Mary Poppins, makala yanadai kwamba muda wa kuonekana kwenye skrini hautoshi kueleza kazi ya mwigizaji msaidizi. Aidha, yanaonyesha kuwa lafudhi ndiyo iliyokuwa nyenzo kuu ya Baddeley, na kwamba lafudhi hiyohiyo ndiyo iliyomfungia katika nafasi za utumishi.

1. Utangulizi

Mwaka 1960 Hermione Baddeley alikuwa mmoja wa waigizaji watano walioteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Filamu iliyomletea uteuzi huo ilikuwa Room at the Top ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Jack Clayton. Katika filamu nzima, Baddeley anaonekana kwa dakika 2 na sekunde 19 tu. Hakuna mwigizaji mwingine aliyewahi kuteuliwa kuwania Oscar ya uigizaji kwa muda mfupi kuliko huo. Tuzo yenyewe ilimwendea Shelley Winters, na tangu wakati huo jina la Baddeley limekuwa likitajwa zaidi kama kioja cha takwimu kuliko kama jina la msanii.

Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini inaficha swali la msingi. Ikiwa dakika mbili zilitosha kuwashawishi wapiga kura kwamba wameona uigizaji uliokamilika, basi kilichopimwa hakikuwa muda. Kilikuwa nini?

2. Istilahi na vipimo vyake

Vitabu vya uhakiki wa Kiswahili vimezoea kuwagawa wahusika katika makundi ya wakuu, wadogo na wajenzi. Mhusika mkuu hubeba kiini cha dhamira tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika mdogo hujitokeza hapa na pale. Mhusika mjenzi huwekwa ili kuwakamilisha wengine. Darasani makundi mawili ya mwisho huchanganywa kwa urahisi, ilhali majina yake yametokana na vigezo tofauti kabisa. Udogo ni kipimo cha ukubwa, ujenzi ni jina la kazi. Anayemwita mhusika "mdogo" amekwisha kuhesabu kurasa au dakika. Anayemwita "mjenzi" analazimika kuuliza amejenga nini.

Tasnia ya filamu ya Marekani nayo ilianza kwa kipimo cha ukubwa. Tuzo za Oscar za waigizaji wasaidizi zilianzishwa kwa ajili ya filamu za mwaka 1936, na kwa miaka kadhaa washindi wake walipewa kibao, huku washindi wa nafasi kuu wakipewa sanamu. Usawa wa sanamu ulikuja katika hafla ya mwaka 1944. Udogo uliokuwa katika jina la kundi uliwekwa pia katika kitu alichokwenda nacho mshindi nyumbani.

3. Chumba cha Elspeth

Room at the Top inatokana na riwaya ya John Braine ya mwaka 1957. Joe Lampton (Laurence Harvey) ni karani kijana aliyetoka katika tabaka la wafanyakazi na anayetaka kupanda. Anampenda Alice Aisgill (Simone Signoret), mwanamke aliyeolewa na mume asiyemjali, lakini mwishowe anamwoa Susan, binti wa tajiri wa kiwanda, aliyekwisha kushika mimba yake. Alice anakunywa pombe, anaendesha gari, na anakufa.

Baddeley ni Elspeth, rafiki wa Alice, anayewaazima wapenzi hao fleti yake ili wapate pa kukutania. Kwa kipimo cha dakika, Elspeth ni mdogo mno. Kwa kipimo cha kazi, mambo mawili makubwa ya filamu yamesimama juu yake. Kwanza, yeye ndiye mwenye mahali. Neno la Kiingereza lililo katika jina la filamu lina maana ya nafasi na pia ya chumba. Joe anatafuta nafasi ya juu katika jamii, ilhali chumba pekee alichowahi kupendwa humo bila masharti ni cha mwanamke asiye na cheo chochote. Pili, Elspeth ndiye hakimu. Alice hamlaumu Joe kwa ukali, na kimya chake ndicho kinachoupa uigizaji wa Signoret hadhi yake. Hasira ambayo mtazamaji anaihitaji lazima itoke kwa mtu mwingine, nayo inatoka kwa Elspeth, anayemkabili Joe kwa kumtupa rafiki yake.

Hapa ndipo ufundi wa Baddeley unapoonekana. Hakuna mandhari iliyotangulia ya kumweleza Elspeth ni nani, alipendwa au aliachwa na nani. Mwigizaji analazimika kuyaingiza maisha hayo yote katika sauti. Hasira yake ina uchovu wa mtu aliyewahi kuyaona haya kabla, na kwa hiyo mtazamaji anasikia kwamba kisa cha Alice si cha kwanza katika mji kama ule. Signoret alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu hiyo. Kusema kweli bila kumpunguzia sifa Signoret ni kusema kwamba utulivu wake uliwezekana kwa sababu mwingine alibeba kelele. Usione vyaelea, vimeundwa.

4. Sauti inayosema lisilosemwa

Elspeth hakuzuka ghafla. Zaidi ya miaka kumi kabla yake, Baddeley alikuwa Ida Arnold katika Brighton Rock ya John Boulting, filamu iliyotokana na riwaya ya Graham Greene ya mwaka 1938. Alikuwa amekwisha kuigiza nafasi hiyo jukwaani mwaka 1943. Ida ni mtumbuizaji wa mji wa pwani anayekataa kukubali kwamba mwanamume aliyekutana naye kwa muda mfupi alikufa kifo cha kawaida. Wenye mamlaka wameridhika, yeye haridhiki. Richard Attenborough, kama Pinkie, anazungumza kwa sauti ya chini na uso usiotikisika. Baddeley anamjibu kwa kicheko kikubwa na maneno mengi. Zipo nyakati ambapo kicheko hicho kinabaki na ukubwa wa jukwaa, na kamera haikihitaji kiasi hicho. Hata hivyo, uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi: katika mji ambao kila mtu anaogopa kusema, ushahidi unafuatiliwa na mwanamke ambaye hakuna aliyedhani maneno yake yana uzito.

Katika Scrooge ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, Baddeley ni mke wa karani Bob Cratchit. Mumewe, kwa wema au kwa woga, anataka familia imtakie heri mwajiri anayewanyonya. Mke ndiye anayetamka wazi kwamba mtu huyo ni bahili na hastahili. Kwa mara nyingine mhusika wa pembeni anabeba hukumu ambayo wahusika wa katikati hawawezi kuitoa.

Filamu hizi tatu zikisomwa pamoja zinaonyesha mpangilio mmoja. Baddeley alipewa kazi ya kusema kile ambacho jamii ya ndani ya filamu inakijua na kukinyamazia.

5. Lafudhi na gereza lake

Lafudhi aliyoijulikana kwayo Baddeley ilikuwa ya tabaka la chini la London. Alizaliwa mwaka 1906 huko Broseley, katika jimbo la Shropshire, mbali na London. Alivuma jukwaani mwaka 1923 kama Florrie Small, msichana mkorofi wa mitaa ya mashariki ya London, katika tamthilia ya Charles McEvoy, The Likes of Her. Mwaka 1928 aliolewa na David Tennant, mtoto wa Lord Glenconner. Msanii aliyeingia katika familia ya kikabaila aliendelea kuajiriwa kwa sauti ya watu wasio na ardhi. Lafudhi yake ilikuwa kazi iliyojifunzwa na kutunzwa, japo wasikilizaji wengi waliichukulia kuwa tabia ya kuzaliwa.

Hollywood ilipomchukua, iliipenda lafudhi hiyo na kuifunga jikoni. Katika Mary Poppins ya mwaka 1964 yeye ni Ellen, mtumishi katika nyumba ya familia ya Banks, London ya mwaka 1910. Kila jirani yao, Admiral Boom, anapofyatua mzinga, Ellen na wenzake hukimbilia kushika samani na vyombo visianguke. Utani huo una ukweli ndani yake: nyumba imesimama kwa mikono ya watumishi. Bibi wa nyumba anaimba kuhusu haki ya wanawake kupiga kura, na watumishi wanavutwa waitikie, huku suala la nani atawalea watoto likiwa halijapata jibu. Filamu inacheka na kupita. Uso wa Ellen haupiti haraka hivyo.

Miaka ya 1970 hali haikubadilika sana. Katika mfululizo wa televisheni wa Maude, Baddeley alikuwa mtumishi Bi Naugatuck kuanzia mwaka 1974, baada ya kuondoka kwa Florida, mtumishi Mmarekani Mweusi aliyeigizwa na Esther Rolle. Lafudhi mbili zilizo mbali sana kihistoria zilionekana kufaa kwa mlango uleule wa jikoni. Kinyume chake, katika filamu ya katuni ya The Aristocats ya mwaka 1970, ambapo uso wake haukuonekana, Baddeley alitoa sauti ya Madame Bonfamille, tajiri wa Paris. Uwezo wa kuwa bibi wa nyumba ulikuwapo siku zote. Nafasi ndizo hazikuwapo.

6. Hitimisho

Kazi ya Baddeley inatoa mafunzo matatu yanayowahusu watafiti na washauri wa sera za lugha na sanaa. La kwanza ni la istilahi. Kiswahili kina neno "mjenzi", na uhakiki wa filamu ungefaidika kulifanya kuwa kigezo cha kwanza kabla ya "mdogo", katika mitaala na katika vigezo vya tuzo pia. La pili ni la tafsiri. Anayeingiza sauti za Kiswahili katika filamu ya kigeni na kumpa Ellen Kiswahili sanifu kilekile cha mwajiri wake anafuta nusu ya uigizaji. Uamuzi kuhusu lafudhi ya mhusika msaidizi ni uamuzi wa maana, na unastahili kujadiliwa kwa uzito uleule unaopewa msamiati. La tatu ni la kumbukumbu. Orodha za waigizaji zinazoishia kwa majina ya wahusika wakuu huwaacha watafiti wa kesho bila ushahidi wa namna filamu ilivyojengwa. Baddeley alifariki Los Angeles mwaka 1986, na kazi yake inaweza kuhakikiwa leo kwa kuwa jina lake liliandikwa hata pale alipoonekana kwa dakika mbili.