Ipua Kwanza

Mwezi wa Ramadhani uliopita, kwenye futari moja hapa Mombasa, niliwaona watu wazima wakishangilia jibini kwa sababu inavutika. Mwenye nyumba alizamisha kijiko kwenye trei, akakiinua mpaka usawa wa kidevu, nyuzi zikanyooka, simu zikatolewa. "Mashallah, shoga, leo umetuweza!" Macho yangu yalikuwa kwenye ukingo wa trei, ambako mafuta ya manjano yalishajitenga na kuzunguka pande zote nne. Chini ya zile nyuzi sosi ilikuwa imefanya chengachenga. Nilikula, nikashukuru, nikanyamaza. Sasa nasema.

Kuvutika si sifa. Kinachovutika pale ni mozzarella, jibini changa isiyo na makali, na trei nzima ya makaroni haibebwi na kitu kisicho na makali.

Yale ambayo kila mtu angepaswa kuyajua tuyapite haraka. Makaroni yawe ya viwiko. Ya vipepeo waachieni watoto. Yachemshwe kwa maji yenye chumvi ya kueleweka, na yaipuliwe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, yakiwa bado na kiini, maana yataendelea kuiva ndani ya sosi. Unga ukaangwe kwa siagi, si majarini, mpaka harufu ya ubichi iishe na rangi isibadilike. Maziwa yaingie kidogo kidogo. Kwa makaroni gramu 250 mimi hutia siagi gramu 40, unga kiasi hichohicho, maziwa mililita 600 na jibini gramu 250. Anayetia jibini gramu 100 anapika uji wa maziwa, na auite hivyo. Haradali kijiko cha chai, pilipili nyeupe, kungumanga iliyokwaruzwa palepale. Kitunguu saumu hakiingii. Huulizwa kwa nini, nami hujibu vilevile kila siku: hakiingii.

Jibini iwe chedar iliyokomaa, ile inayouma pembeni mwa ulimi, ichanganywe na changa kidogo, kwa sababu jibini kuukuu ina ladha lakini ni nyepesi kukatika. Ikwaruze mwenyewe. Ile inayouzwa ikiwa imekwaruzwa tayari hupakwa wanga au unga mwingine mkavu ili isigandane pakitini, na unga huo hauendi popote; utakutana nao kwenye ulimi.

Hayo yote mtu anaweza kuyafuata neno kwa neno na bado akaharibu, kwa sababu ya dakika moja ambayo hakuna anayeitazama. Jibini hutiwa sosi ikiwa imeshaipuliwa. Si moto ukiwa mdogo, si jiko likiwa linazimwa: sufuria iwe mezani, mbali na jiko, na mapovu yawe yamekufa.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wengine wote. Hakuna mama wa huku asiyejua kwamba tui zito hutiwa mwisho, na kwamba ukiliacha litokote bila kulikoroga litakatika, mchuzi uonekane umechujwa. Mama huyohuyo, ambaye atamgombeza binti yake mbele ya wageni kwa tui lililokatika, utamkuta anamwagia jibini yote kwa mkupuo kwenye sosi inayotokota, kisha anaongeza moto ili iyeyuke upesi.

Fundi aliyenifundisha, marehemu sasa, alikuwa mpishi wa hoteli za ufukweni enzi ambazo jikoni hakukuwa na kipimajoto. Akishaipua sufuria aliitua juu ya ubao, akakunja mikono na kuanza kuzungumza habari nyingine kabisa, mpira mara nyingi. Sisi vijana tulidhani amesahau. Baadaye aligusisha mgongo wa mkono ubavuni mwa sufuria, haraka, mara moja, na kama hakuridhika alirudi kwenye mpira. Kisha jibini ikaingia kwa makonzi, konzi moja iyeyuke ndipo ya pili ifuate, mwiko ukienda taratibu. Hakutoa maelezo. Aliinua mwiko, akapitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki umenyooka na kingo zake hazitoi mafuta, alisema "haya", basi.

Maelezo nilikuja kuyapata mwenyewe. Jibini ni mafuta na maji yaliyoshikiliwa na wavu wa protini, na wavu huo umefungwa kwa kalsiamu. Joto la wastani huulegeza, jibini ikayeyuka ikiwa bado imeshikana. Joto likizidi, wavu hujikaza, ukakamua mafuta na maji nje; ndizo zile chenga, ndiyo yale mafuta ya ukingoni. Ikishakatika hivyo, kukoroga kwa nguvu hakusaidii. Mwenye kipimajoto angoje sosi iteremke chini ya nyuzi 80.

Mwaka 1911 Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, walitumia sitrati ya sodiamu kuyeyusha jibini bila kukatika. Chumvi hiyo huichukua kalsiamu, protini zikakaa pamoja na mafuta kwa amani. Ndiyo asili ya jibini laini za vipande zinazofungwa kwenye plastiki. Wajuaji huzicheka. Mimi hutia vipande viwili ndani ya chedar yangu na sioni haya, kwa kuwa chumvi zilizomo huituliza sosi nzima. Zaidi ya viwili, ni udhaifu.

Walaghai nao wana elimu yao. Kuna mpishi wa shughuli, jina lake halina faida hapa, ambaye sosi yake huitia bizari ya manjano ili ionekane imeshiba jibini, kisha hutandaza jibini ya kweli juu tu, unene wa karatasi. Harusi nzima hula unga na maziwa na kusifu. Kumgundua ni rahisi: chota sosi ya ndani kabisa, uipake kwenye kitambaa cheupe cha karatasi. Jibini huacha alama ya mafuta. Bizari huacha doa la manjano.

Na sifa kwenda kusiko ni jambo la zamani katika chakula hiki. Elizabeth Raffald alichapisha Uingereza mapishi ya makaroni kwa jibini ya parmesani mwaka 1769, lakini Wamarekani wengi walilelewa kuamini kwamba aliyewaletea ni Rais Thomas Jefferson. Aliyesomea upishi Paris, alikopelekwa mwaka 1784, ni James Hemings, mtumwa wa Jefferson, ambaye hakuachwa huru mpaka 1796, baada ya kumfundisha ndugu yake Peter kazi ya jikoni. Mwaka 1802 mgeni mmoja wa Jefferson, Manasseh Cutler, alionja pai ya makaroni kwenye meza ya rais, akaandika kwamba ladha yake ilikuwa kali na haikumpendeza. Hemings alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Mwaka 1937 Kraft wakaanza kuuza makaroni ya boksi na unga wa jibini, na tangu hapo rangi ya chungwa ikawa kipimo.

Kuoka: nyuzi 200, dakika 20, sosi ikiingia ikiwa nyepesi kidogo kuliko roho inavyotaka, kwani makaroni yatainywa. Zamani tulipalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, machache chini na mengi juu, na gamba lilitoka lenye madoa ya kahawia na harufu ya moshi kwa mbali. Oveni za sasa hutoa rangi moja tu. Hilo silijadili na mtu.

Kipimo cha mwisho ni cha kesho yake. Kata kiporo kikiwa baridi, kipande cha unene wa vidole viwili, ukiweke kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta. Kilichopikwa vizuri kitashika umbo na kupata gamba chini kabla hakijalegea. Kile kilichokatika kitaogelea katika mafuta yake chenyewe, na makaroni yatabaki upande mmoja, yakiwa meupe.