Miguu ya Max Roach

Kibao cha kwanza katika santuri ya Drums Unlimited, iliyotoka 1966, hakina tarumbeta, hakina piano wala besi. Yumo Max Roach, mpiga dramu wa jazz, na dramu zake, basi. Mguu mmoja unapiga dramu kubwa kwenye pigo la kwanza. Wa pili unafumba matoazi pacha kwenye pigo la pili na la tatu. Du, chi, chi. Du, chi, chi. Kibao kinaitwa The Drum Also Waltzes, kina dakika tatu na ushei, na miguu ndiyo inayokibeba.

Juu yake mikono inazungumza. Roach anatoa kauli fupi, ananyamaza, anaiacha miguu ipite peke yake, kisha anairudia kauli ileile akiwa ameigeuza mkia. Ngozi amezikaza hata kila dramu ina sauti yake, ya juu na ya chini, na sikio linashika wimbo mahali ambapo noti za wimbo hazipo. Mazoea ya solo ya dramu ni fujo na jasho, watu washangilie. Huyu hana haraka.

Aliyewahi kushika vijiti anajua ugumu uko wapi. Mikono ikichangamka, miguu nayo hutaka kukimbia. Mikono ikitua, miguu hulegea. Katika ngoma za pwani apigaye vumi ni mtu mmoja na apigaye chapuo ni mwingine. Roach ni wote wawili, na yule wa chini hamsikilizi kabisa yule wa juu.

La kufurahisha ni kwamba Roach ni miongoni mwa walioufungulia mguu wa dramu kubwa. Miaka ya 1940, alipokuwa akipiga na mpiga saksafoni Charlie Parker jijini New York, yeye na mpiga dramu Kenny Clarke aliyemtangulia waliuhamisha mwendo wa muziki kutoka dramu kubwa hadi kwenye toazi, mguu ukabaki huru kuchomekea pigo popote. Sasa anaurudisha kazini kwa hiari yake, na kwa hesabu ya tatu, ambayo hakuwa mgeni nayo: santuri yake ya Jazz in 3/4 Time ilitoka 1957.

Vibao vitatu vya dramu tupu vimepishanishwa na vitatu vya bendi. Freddie Hubbard anapuliza tarumbeta kwa moto wake wa kawaida, na Nommo, utunzi wa mpiga besi Jymie Merritt, ni kizuri. In the Red hunichosha kidogo, nakiri, maana kufikia hapo nimeshazoea kusikia dramu bila kuingiliwa.

Kabla ya In the Red kuna For Big Sid, heshima kwa Sid Catlett, mpiga dramu aliyefariki 1951. Roach anaanza na kishazi kinachojulikana kwa jina la Mop Mop, ambacho Catlett alikipiga mwaka 1943 akiwa na mpiga saksafoni Coleman Hawkins. Anakikata, anakipindua, anakishusha kwenye dramu ya chini, anakiharakisha. Kila ukidhani kimepotea kinachungulia tena. Baada ya kukisikiliza mara chache unaweza kukiimba njiani kwa mdomo, toka mwanzo. Solo za dramu za namna hiyo sizijui nyingi.