"Funga" Ipi? Lugha ya Maelekezo ya Majiko ya Gesi

Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Shabaha hii yaigusa Pugu kwa namna ya pekee, kwani misitu ya akiba ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo ukingoni mwake, imekatwa kwa miaka mingi ili jiji la Dar es Salaam lipate mkaa. Sasa mitungi ya kilo 6 na ya kilo 15 imeingia katika nyumba zilizozoea mkaa, na pamoja nayo majiko ya gesi, ambayo mengi yamekwisha tumiwa na watu wengine kabla ya kufika hapo. Jiko kuukuu haliachi kukorofisha. Ndipo mwenye nyumba anapoitafuta karatasi ya maelekezo, au nakala yake, na kusoma ukurasa wa mwisho ulioandikwa "Utatuzi wa Matatizo".

Ukurasa huo ndio tunaouhakiki hapa. Sarufi yake kwa kawaida haina kasoro kubwa. Majina ya vifaa nayo yamefanyiwa kazi, tena pengine kupita kiasi. Kasoro imo katika vitenzi, na ni kasoro inayoweza kuunguza nyumba.

Tuchukue agizo la kawaida kabisa: ukisikia harufu ya gesi, funga regulata. Mfasiri alikuwa na maana ya kuzuia gesi isitoke. Lakini katika Kiswahili cha mafundi wetu, kufunga kifaa ni kukiweka mahali pake kikashika: fundi hufunga feni, hufunga bomba, hufunga regulata kwenye mtungi, kisha akasema kazi imekwisha. Tena kufunga ni kukaza: nati iliyolegea hufungwa kwa spana. Kwa hiyo agizo moja lina maana tatu, nazo hazielekei upande mmoja. Anayeelewa "izuie gesi" atafanya lililo sawa. Anayeelewa "ipachike" ataiona regulata imekwisha pachikwa, naye atadhani agizo limetimizwa. Anayeelewa "ikaze" ataleta spana ya chuma penye gesi inayovuja. Na huyu wa tatu ana hatari nyingine asiyoijua. Viungio vya gesi iwakayo aghalabu hutengenezwa kwa hesi za kushoto, kinyume cha hesi za mabomba ya maji, ili visichanganywe na vingine. Akizungusha kulia kama alivyozoea kukaza bomba la uani, atakuwa analegeza.

Kinyume chake, "fungua", hakina nafuu. Fungua mtungi: ni kuiachia gesi ipite, au ni kuutenganisha mtungi na jiko? Karatasi moja yaweza kukitumia kitenzi hicho kwa maana zote mbili katika mistari miwili inayofuatana, na mfasiri asione neno, kwa sababu katika lugha aliyokuwa akifasiri palikuwa na vitenzi viwili mbalimbali.

Watajibu baadhi ya wasomaji wetu kwamba muktadha hufafanua. Katika hadithi, naam. Lakini maelekezo ya hatari husomwa na mtu aliyeshtuka, usiku, mtoto yuko mgongoni, na pengine husomwa kwa sauti na jirani aliye mlangoni. Mtu huyo hana nafasi ya kupima muktadha. Sisi twapendekeza kwamba katika kurasa za gesi vitenzi "funga" na "fungua" viachwe kabisa. Gesi ikatwe na iachiwe, kama tusemavyo kukata maji na kukata umeme. Regulata ipachikwe na ichomolewe. Nati na vibano vikazwe na vilegezwe. Moto uwashwe na uzimwe. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kilichobuniwa na kamati. Vyote vyajulikana na mpishi yeyote wa Pugu, na kila kimoja chafanya kazi moja tu. Mahali pasipo na hakika, na mkono uelekezwe: "zungusha kwa upande huu mpaka gesi ikome", na mshale uchorwe.

Balaa la aina hiyohiyo limo katika neno "swichi". Maelekezo huonya, na kwa haki, kwamba gesi ikivuja mtu asiguse swichi yoyote, kwa kuwa cheche ndogo ya umeme yatosha kuiwasha. Tena onyo hilo ni la kuwasha na la kuzima pia. Lakini watumiaji wengi wa majiko huita swichi hata kile kifundo cha mbele kinachozungushwa ili moto upande au ushuke. Mwenye kutii onyo kama lilivyoandikwa ataliacha jiko linatoa gesi kwa sababu amekatazwa kuligusa. Dawa ni maneno mawili tu: swichi ya umeme. Wako wanaopenda kukiita kifundo cha jiko "kitufe". Kitufe hubonyezwa, hiki huzungushwa.

Kuhusu harufu, tumeona "ukinusa gesi" ikiandikwa mahali pa "ukisikia harufu ya gesi". Kiswahili hutofautisha mambo haya vizuri kuliko lugha nyingi. Harufu husikiwa bila kutakwa. Kunusa ni kupeleka pua kwa makusudi. Hatutaki mtu apeleke pua kwenye kiungio. Gesi yenyewe kwa asili haina harufu kali, bali hutiwa kemikali inayonuka ili ivujapo isikiwe, na mahali inapotokea hutafutwa kwa maji ya sabuni: pakaza, tazama povu. Hili la povu lafaa lielezwe kwa ukamilifu, maana kitenzi "vuja", tulichokizoea kwa paa na ndoo, humfanya mtu atafute umajimaji asiouona.

Inafuata hoja ambayo si ya istilahi tu. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mabondeni mwa nyumba. Gesi asilia, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, sehemu yake kubwa ni methani, ambayo ni nyepesi na hupanda juu. Karatasi isemayo "gesi" bila kubainisha, kisha ikaagiza madirisha ya juu tu yafunguliwe, imemwokoa mtu wa bomba na kumsahau mtu wa mtungi, ambaye mlango wake ndio unaohitaji kuwa wazi. Makosa ya namna hii mara nyingi ni mabaki ya maandishi ya nchi za baridi, ambako gesi hupasha moto nyumba nzima kwa boila la ukutani. Ndiyo maana twakuta mpishi akiambiwa akague dohani, na jiko lake halina dohani.

Hitilafu inayoonekana mara nyingi zaidi ni moto wa manjano unaopaka masufuria masizi. Moto mzuri ni wa buluu. Manjano maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, mara nyingi kwa sababu matundu ya pleti yamezibwa na uji uliofurika au kutu. Hapa karatasi huandika "mwali wa njano". Mwali ni neno halali la Kiswahili, ila katika nchi ya Wazaramo mwali ni kwanza msichana aliyewekwa ndani, na tumeshuhudia darasa zima likicheka. "Moto" latosha. Lisilochekesha ni kuuita moshi wake "hewa ukaa", jina lililokwisha pewa gesi nyingine, ile tuitoayo kwa pumzi. Inayoua katika chumba kilichofungwa ni kaboni monoksidi. Wapikaji wa mkaa wanaijua kwa matendo yake: ndiyo ya jiko lililolazwa ndani na watu. Mfasiri akiandika jina la kitaalamu na kuongeza "sumu ileile ya jiko la mkaa", ameeleweka.

Kuhusu jina la regulata hatutakawia. "Kidhibiti kanieneo" limeundwa kwa ustadi, na katika kitabu cha fizikia mahali pake papo. Dukani Pugu Kajiungeni muuzaji hatajua unataka nini.

Hatimaye kile kichwa cha "Utatuzi wa Matatizo". Matatizo hutatuliwa mkutanini. Fundi hutafuta hitilafu, na mpishi hujua tu anachokiona: jiko haliwaki, moto unazimika, moto ni wa manjano, harufu inasikika. Safu ya kwanza ya ukurasa iandikwe kwa maneno hayohayo, na harufu itangulie mengine yote, kwa kuwa ndiyo pekee isiyomngoja msomaji amalize kusoma.