Ukinzani wa Muziki na Maneno katika Wimbo wa Bruce Springsteen

Makala haya yanahakiki utunzi wa Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani aliyezaliwa New Jersey mwaka 1949, kwa kujikita katika wimbo "Born in the U.S.A." (1984). Beti zake zinasimulia mkongwe wa vita vya Vietnam aliyerejea akakosa kazi. Kibwagizo chake, kikibebwa na ngoma nzito, husikika kama shangwe ya uzalendo. Mwaka huohuo, katika kampeni zake, Rais Ronald Reagan alizisifu nyimbo za msanii huyo kuwa zina ujumbe wa matumaini. Ni rahisi kuwalaumu wasikilizaji kwa kutozingatia maneno. Hata hivyo, rekodi ya awali ya mwaka 1982, ya sauti na gitaa tu, haiachi nafasi ya shangwe hiyo. Utata huo, basi, ulitokana pia na uamuzi wa msanii mwenyewe. Alipouimba tena peke yake kwa gitaa katika ziara ya 1995–1997, ni kama aliusahihisha. Makala yanahitimisha kuwa mhakiki anayesoma mashairi ya wimbo bila kusikiliza muziki wake amehakiki nusu ya kazi.