Volti 6 zilivyogeuka 230: siri ya kopo la redio ya gari

Redio ya valvu inadai umeme wa aina mbili. Kwanza, ndani ya kila valvu mna uzi unaopaswa kupata moto mpaka kathodi ianze kutoa elektroni. Pili, elektroni hizo lazima zivutwe kwenda kwenye bamba, na kuzivuta kunataka volti nyingi. Redio ya miaka ya 1930 ilihitaji kama 180 hadi 250. Gari la Marekani la wakati huo lilikuwa na betri ya volti 6.

Dai la kwanza halikusumbua. Betri ya asidi ya seli tatu, kila seli ikiwa na volti 2.1, inatoa 6.3, na watengenezaji wa valvu wakachukua kiwango hichohicho. Ndiyo maana valvu nyingi za Marekani, hata zile za redio za mezani ambazo hazikuwahi kupanda gari, zina jina linaloanza na 6: 6A8, 6K7, 6V6. Betri ya gari iliwawekea kipimo hata mafundi wa sebuleni.

Dai la pili ndilo lililoleta kazi. Juni 1930 Paul Galvin, mwenye kiwanda cha redio, aliendesha Studebaker yake hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio, ikiwa na redio iliyofungwa na watu wake. Hakuwa na meza ndani ya ukumbi, kwa hiyo akaegesha nje na kuifungulia sauti. Redio hiyo iliuzwa kwa jina la Motorola. Lakini redio za gari za mwanzo zilipata volti zao kwa njia ya kuchosha: betri kavu za volti 45, zikiunganishwa kwa mfululizo mpaka zifike 180, zimefichwa chini ya sakafu au kiti. Zikiisha hazichajiwi. Unanunua nyingine, unafungua sakafu tena.

Kulikuwa na njia nyingine, dainamota: mota ndogo ya volti 6 na jenereta ya volti nyingi kwenye mhimili mmoja. Inafanya kazi vizuri, na redio za jeshi na polisi ziliitumia kwa miaka mingi. Ila ni nzito, ina brashi zinazolika, na bei yake haikumfaa mtu aliyetaka kusikiliza muziki tu akienda kazini.

Jibu lililoshinda liliingia sokoni mwanzoni mwa muongo huo, nalo ni kopo la bati lenye ukubwa wa valvu, likichomekwa kwenye soketi kama valvu. Liliitwa vaibreta. Transfoma inaweza kupandisha volti kiasi chochote utakacho, mradi umeme unaoingia uwe unabadilika, na umeme wa betri haubadiliki. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu cha kuukatakata. Kanuni hiyo haikuwa ngeni chini ya boneti. Mfumo wa kuwasha wa Charles Kettering, uliofungwa kwenye Cadillac za 1910, unafanya jambo la jamaa moja: platini zinafunguka, umeme kwenye koili unakatika ghafla, na maelfu ya volti yanaruka kwenye plagi. Tofauti ni kwamba platini za injini zinasukumwa na kemu. Vaibreta inajisukuma yenyewe.

Ukilikata kopo hilo unakuta kwanza sponji ya mpira, iliyowekwa kumeza mlio. Ndani yake mna ulimi wa chuma chembamba, umekazwa upande mmoja na upande mwingine una kizito kidogo. Koili ndogo inauvuta ulimi. Ukivutika, unakata umeme wa koili yenyewe, unaachiwa, unarudi, unavutwa tena. Unapokwenda kushoto unagusa nukta ya tangsteni inayopitisha umeme kwenye nusu moja ya transfoma. Ukienda kulia, nusu nyingine. Kasi yake ya kawaida ilikuwa kama mara 115 kwa sekunde. Transfoma yenye uwiano wa karibu moja kwa arobaini inazipandisha volti 6 zikawa 230 hivi, kisha rektifaya inazinyoosha ziwe za mkondo mmoja. Wengine walimwachisha kazi rektifaya pia: waliongeza jozi ya pili ya nukta kwenye ulimi uleule, zikawa zinanyoosha umeme kwa kwenda sambamba na zile za kwanza.

Hapo kuna ubunifu mmoja ninaoupenda kuliko mengine yote. Rektifaya ya kawaida kama 6X5 inakula ampea 0.6 za betri kwa kupasha uzi wake tu, kabla haijafanya lolote. Valvu ya OZ4 haina uzi kabisa: imejazwa gesi, na volti za transfoma zenyewe ndizo zinazoiamsha. Nyumbani, penye umeme wa ukutani, ampea 0.6 hakuna anayeihesabu. Kwenye betri ya volti 6 ilitosha kuzaa valvu yake maalumu.

Na hesabu ya ampea ndiyo kiini cha mambo. Tuseme valvu zinataka volti 220 na miliampea 60. Hizo ni wati 13 tu. Vaibreta na transfoma yake vinapoteza karibu theluthi, kwa hiyo betri inatoa kama wati 20, yaani zaidi ya ampea 3 kwa volti 6. Ongeza nyuzi za moto, 0.3 kwa kila valvu ndogo na 0.45 kwa 6V6, na redio nzima inafikia ampea 5 au 6. Volti zimepanda mara arobaini bila shida. Gharama yote imeangukia upande wa chini, na inapita kwenye nukta mbili za chuma zinazofunguka na kufunga mara mia kwa sekunde.

Nukta hizo zingeungua ndani ya siku chache kama si kondensa moja. Kila ulimi unapoachia nukta, nguvu iliyobaki kwenye transfoma inatafuta pa kutokea, na ikikosa njia inaruka kama cheche. Kondensa iliyofungwa upande wa volti nyingi inaipokea, na thamani yake imepigiwa hesabu ili volti zigeuke taratibu wakati ulimi ungali hewani. Inapigwa sana, kwa hiyo huwa ya volti 1,600 au zaidi. Ikianza kuvuja, nukta zinashikana na fyuzi inakatika. Mafundi wa zamani walikuwa na sheria moja: ukibadilisha vaibreta, badilisha na kondensa, vinginevyo mteja atarudi. Wengi waliuza vaibreta peke yake, na mteja akarudi.

Katikati ya miaka ya 1950 magari ya Marekani yalihamia volti 12, na hapo wahandisi wakaligeuza swali. Badala ya kuuliza volti zipandishwe vipi, waliuliza kwa nini valvu izitake. Zikatoka valvu zinazofanya kazi kwa volti 12 hata kwenye bamba, zikisaidiwa na transista moja kubwa ya kusukuma spika. Chrysler na Philco walikuwa wameshatangaza Aprili 1955 redio ya gari ya transista tupu, iliyouzwa kama nyongeza ya dola 150. Vaibreta ikabaki bila kazi. Kwa macho yangu huo ndio ufumbuzi bora kuliko kopo lenyewe, hata kama kopo linapendeza zaidi kulifungua.

Lakini haja haikufa. Chukua matatu ya Nairobi. Spika ya omu 4 ikilishwa volti 12 tupu, hata kwa mpangilio wa daraja, haipati zaidi ya wati 18 safi. Ndiyo maana kila amplifaya kubwa ya gari ina kipandishi ndani. Ikipandisha hadi volti 35 chanya na 35 hasi, spika ileile inapata karibu wati 150. Inveta ya televisheni inakwenda mbali zaidi: inapandisha 12 hadi zaidi ya 300 za mkondo mnyoofu, kisha inazikatakata upya zitoke 230 za mizunguko 50. Transista za kukata zinafanya makumi ya maelfu ya mikato kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma inakuwa ndogo kiasi cha kushikika kiganjani. Mpango ni ule wa vaibreta: kata, pandisha, nyoosha.

Nao ugonjwa ni uleule. Inveta ikitoa wati 1,000 inavuta zaidi ya ampea 90 kwenye betri ya volti 12. Ukiifunga nyuma ya gari kwa waya wa milimita 4 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi, waya peke yake unakula volti 1.6 hivi na kugeuza wati 150 kuwa joto. Betri inasoma 12 kamili, inveta inaona 10.4, inapiga kelele na kujizima. Fundi anabadilisha inveta. Waya wa milimita 25 ungepoteza robo ya volti tu, ukiwa na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Kwenye basi la volti 24, inveta ya volti hizo ingevuta nusu ya ampea hizo.

Kipimo kinachosema ukweli hakipatikani kwenye betri. Weka mita kwenye vichwa vya inveta yenyewe, mzigo ukiwa umewashwa, usome. Kisha acha mguu mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha inveta, wa pili uguse nguzo hasi ya betri. Ukiona nusu volti hapo, tatizo liko kwenye arthi, na mara nyingi ni boliti moja iliyokazwa juu ya rangi.